Chuma Imara, Mshono Uleule

Viwanda vya chuma vimefanikiwa, katika muda wa vizazi vichache, kuzalisha mabamba ambayo nguvu yake inazidi mara mbili au tatu ile waliyoizoea wajenzi wa madaraja ya kale. Chuma cha kawaida cha ujenzi, kile kinachoonekana katika nguzo za maghala na mihimili ya madaraja mengi, huanza kupoteza umbo lake moja kwa moja mkazo unapofikia megapaskali 235 au 355. Mkazo ni nguvu inayobebwa na kila sehemu ya eneo la chuma, na megapaskali 355 ni sawa na kuning'iniza uzito wa takriban kilo 36 kwenye kila milimita moja ya mraba. Kiwango hicho, ambacho chuma kikikivuka hakirudi tena katika umbo lake la awali, huitwa kikomo cha kunyumbuka, na ndicho kinachotumika kukipanga chuma sokoni. Siku hizi chuma cha megapaskali 690 ni bidhaa ya kawaida katika utengenezaji wa kreni na matrela, na kile cha megapaskali 960 au zaidi hutumika katika mikono ya kreni zinazotakiwa kunyanyua mizigo mizito huku zenyewe zikiwa nyepesi. Faida yake inaeleweka na kila mnunuzi: nguvu ikiongezeka maradufu, unene wa bamba unaweza kupunguzwa karibu nusu, na uzito unaookolewa ukageuka shehena ya ziada au mafuta yasiyoteketezwa njiani.

Hesabu hiyo ni sahihi pale mzigo unapotulia. Daraja, ekseli, mkono wa kreni na mtambo unaoelea baharini, hata hivyo, hubeba mzigo unaokuja na kuondoka mara elfu na mara milioni, na kila unapokuja na kuondoka mkazo ndani ya chuma hupanda na kushuka. Chuma kinachotendewa hivyo huweza kukatika kwa mkazo ulio chini sana ya kikomo cha kunyumbuka, bila kupinda na bila kutoa dalili inayoonekana kwa mbali, kwa sababu ufa mdogo huanza mahali fulani na kukua kidogo kidogo kila mzigo unaporudi, hadi sehemu iliyobaki nzima inakuwa ndogo mno kuhimili mzigo wa siku hiyo. Hali hiyo huitwa uchovu wa chuma. Aliyeiingiza katika elimu ya vipimo ni August Wöhler, mhandisi wa reli wa Prussia, ambaye kati ya miaka ya 1850 na 1870 alizijaribu ekseli za mabehewa kwa mashine alizozibuni mwenyewe, akaonyesha kwamba maisha ya ekseli hutegemea zaidi tofauti iliyopo kati ya mkazo wa juu na mkazo wa chini, pamoja na idadi ya marudio ya tofauti hiyo, kuliko ukubwa wa mkazo wa juu peke yake. Mchoro unaovilinganisha vitu hivyo viwili, yaani tofauti ya mkazo na idadi ya mizunguko, bado unaitwa kwa jina lake.

Kwa chuma ambacho hakijachomelewa, kikasuguliwa hadi kikawa laini, nguvu kubwa huja pamoja na ustahimilivu mkubwa wa uchovu. Kipande cha majaribio kinachozungushwa huku kikipindwa huweza kuhimili mizunguko mingi isiyo na idadi katika mkazo unaokaribia nusu ya ule unaokikata kwa kuvutwa mara moja, na kanuni hiyo hushika kwa aina nyingi za chuma isipokuwa zile ngumu kupita kiasi. Ilikuwa rahisi kutarajia kwamba kanuni hiyo ingekifuata chuma hadi kwenye kiungo cha kuchomelea, na mtu akinunua chuma chenye nguvu maradufu angepata pia kiungo chenye ustahimilivu maradufu. Majaribio yaliyofanywa katika Chuo Kikuu cha Lehigh huko Pennsylvania, Marekani, na John Fisher pamoja na wenzake, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 1970, yalilifuta tarajio hilo. Mihimili 374 yenye mishono ya aina mbalimbali ilipitishwa katika mizigo ya kurudiarudia, ikiwa imetengenezwa kwa aina tatu za chuma, cha chini kikiwa na kikomo cha kunyumbuka cha takriban megapaskali 250 na cha juu megapaskali 690. Maadamu tofauti ya mkazo ilikuwa ileile na umbo la kiungo lilikuwa lilelile, mhimili wa chuma ghali ulipasuka baada ya mizunguko inayokaribiana na ile ya mhimili wa chuma rahisi. Kanuni za usanifu za Marekani zilijengwa upya juu ya matokeo hayo, na hadi leo kanuni za Ulaya nazo hutumia jedwali moja la uchovu kwa viungo vya kuchomelea vya vyuma vyote vya ujenzi, bila kuuliza bamba lilikuwa la daraja gani.

Sababu iko mahali ambapo jicho la kawaida halioni jambo lolote la ajabu. Mshono unapowekwa juu ya bamba, kuna mstari ambapo chuma kilichoyeyuka kinakutana na uso wa bamba ambalo halikuyeyuka, na mstari huo unaweza kuitwa ukingo wa mshono. Hapo umbo la chuma linabadilika ghafla, kutoka bamba lililonyooka hadi mwinuko wa mshono, na nguvu inayopita ndani ya bamba inalazimika kujikunja na kusongamana ili ipite kwenye kona hiyo, kiasi kwamba mkazo wa hapo huwa mkubwa mara kadhaa kuliko ule wa mbali kidogo. Muuza vitambaa hutumia jambo hilohilo kila siku anapokata ukingo wa kitambaa kwa mkasi kidogo tu kisha kukichana kwa mikono, kwa kuwa nguvu yote inakusanyika kwenye ncha ya mkato ule. Ukingo wa mshono, tena, si kona tupu. Ukikatwa, ukang'arishwa na kuwekwa chini ya hadubini, huonekana una mikwaruzo na vijishimo ambamo slagi, yaani ule uchafu wa kioo unaoelea juu ya chuma kinachoyeyuka, imejipenyeza na kugandia humo, kwa kina cha sehemu chache za kumi za milimita. Kasoro hizo si matokeo ya fundi mzembe. Hupatikana hata katika kazi nzuri inayopita ukaguzi, kwa sababu ni sehemu ya namna mshono wa kawaida unavyozaliwa.

Maisha ya kipande kisichochomelewa kwa sehemu kubwa ni muda wa kusubiri ufa uanze, na chuma chenye nguvu huuchelewesha mwanzo huo. Ndiyo maana kipande kilichong'arishwa hunufaika. Katika kiungo cha kuchomelea, vijishimo vya ukingoni ni nyufa zilizokwisha kuanza siku mashine ilipozimwa, na karibu maisha yote ya kiungo ni safari ya ufa kukua kutoka hapo hadi kukata bamba. Mwendo wa safari hiyo ulipatiwa kanuni mwanzoni mwa miaka ya 1960 na Paul Paris, mhandisi wa Marekani, aliyeonyesha kwamba hatua unayopiga ufa katika kila mzunguko hutegemea ukubwa wa mkazo na urefu wa ufa wenyewe. Vyuma vya ujenzi, dhaifu kwa imara, hupasuka kwa mwendo unaolingana, kwa kuwa kinachoongoza mwendo huo ni ukakamavu wa chuma, yaani mkazo unaohitajika ili kivutike kwa kipimo fulani. Na ukakamavu huo ni takriban gigapaskali 210 kwa vyote, cha megapaskali 235 na cha megapaskali 960. Nguvu huongezwa kiwandani kwa kubadili mpangilio wa chembe ndani ya chuma na kwa kuongeza viambato vichache. Ukakamavu unatokana na mshikamano wa atomi za chuma zenyewe, nao haubadiliki.

Juu ya hayo kuna mkazo uliobaki ndani. Mshono unapopoa hutaka kufupika, lakini bamba baridi linaloushikilia halikubali, hivyo mshono na ukingo wake hubaki vimevutwa hadi kukaribia kikomo cha kunyumbuka kabla ya mzigo wowote kuwekwa. Ndiyo sababu mzigo unaobana na kuachia, ambao katika chuma kisichochomelewa usingekuwa na madhara makubwa, huweza kupasua ukingo wa mshono: chuma pale kimekwisha kuvutwa, na mbano unakilegeza tu na kukirudisha kwenye mvuto.

Mfano unaostahili kuelezwa kwa kirefu ni ule wa mtambo wa Alexander L. Kielland, jumba la kuelea walimolala wafanyakazi wa visima vya mafuta vya Ekofisk, katika eneo la Norway la Bahari ya Kaskazini. Mtambo huo, uliojengwa Ufaransa na kukabidhiwa mwaka 1976, ulisimama juu ya miguu mitano minene iliyounganishwa kwa mabomba makubwa, na mojawapo ya mabomba hayo lilikuwa na kipenyo cha mita 2.6. Juu ya bomba hilo palitakiwa kuwekwa kifaa kidogo cha kusikilizia sauti majini, kinachosaidia kuujua mkao wa mtambo baharini. Mafundi wakakata tundu katika ubavu wa bomba, wakapachika kipande cha bomba dogo cha kushikilia kifaa hicho, na kukizungushia mshono wa pembeni wenye unene wa takriban milimita 6. Katika michoro kishikizi hicho hakikuhesabiwa kuwa sehemu inayobeba mzigo, na kwa hiyo hakikupewa uangalifu uliopewa viungo vikuu, wala wa mahesabu wala wa ukaguzi. Lakini tundu lilikuwa limekatwa katika bomba linalobeba mzigo, na kila wimbi lililopita lilipeleka mkazo wake kuzunguka tundu hilo na kupita katika mshono ule mwembamba. Wachunguzi walikuta chembe za rangi ndani ya sehemu ya ufa, jambo lililothibitisha kwamba mshono ulikuwa umepasuka kabla bomba halijapakwa rangi kiwandani. Kutoka hapo ufa uliingia katika bomba kuu na kulizunguka taratibu kwa karibu theluthi mbili ya mzingo wake, mtambo ukiwa kazini na watu wakilala humo. Jioni ya tarehe 27 Machi 1980, katika upepo na mawimbi ambayo mtambo ulisanifiwa kuyahimili bila shida, bomba lilikatika. Mabomba mengine yaliyoushikilia mguu uleule yakazidiwa na kukatika mara moja, mguu ukang'oka, na baada ya dakika kama ishirini mtambo ulipinduka. Kati ya watu 212 waliokuwamo, 123 walikufa. Ni vigumu kupata ushahidi wenye uzito zaidi ya huo dhidi ya desturi ya kukiita kipande cha kuchomelea "kidogo", kwa kuwa uchovu haupimi umuhimu wa kishikizi kwa kazi yake. Hupima mkazo wa chuma ambacho kishikizi hicho kimechomelewa juu yake.

Kanuni za usanifu hukipa kila kiungo daraja, ambalo ni tofauti ya mkazo inayotarajiwa kustahimiliwa kwa mizunguko milioni 2 na karibu viungo vyote vya aina hiyo. Mshono wa kuunganisha mabamba mawili ncha kwa ncha, ukisuguliwa ukawa sawa na bamba na kukaguliwa vizuri, hupewa megapaskali 112. Bamba lenye kipande cha urefu usiozidi milimita 150 kilichochomelewa juu yake kwa kufuata mwelekeo wa mzigo hupewa 71. Mshono wa pembeni unaobeba mzigo na kupasukia katikati yake hushuka hadi 36. Tofauti ya mkazo na maisha ya kiungo hufungamana kwa nguvu ya tatu, maana yake mkazo ukiongezeka maradufu maisha hugawanywa kwa nane. Hapo ndipo mtego wa chuma chenye nguvu kubwa unapoonekana kwa tarakimu: mtengenezaji anayebadilisha bamba la megapaskali 355 kwa la megapaskali 690 na kupunguza unene wake kwa nusu huongeza mkazo maradufu katika kila mshono, na kiungo cha daraja la 71 kilichokuwa kikihimili mizunguko milioni 2 sasa hukadiriwa kuhimili 250,000. Chuma hakikumdanganya, alinunua nguvu ya mzigo uliotulia na kuilipia kwa maisha ya mshono.

Tarakimu hizo zina maana ya moja kwa moja barabarani Afrika Mashariki. Chasisi za malori mengi makubwa hutengenezwa kwa chuma chenye nguvu kubwa, na miongozo ya watengenezaji huzuia au kuwekea masharti makali kuchomelea kitu chochote kwenye mbavu zake za juu na za chini, ambako mkazo wa kupinda ni mkubwa kuliko kwingine. Hutaka vishikizi vifungwe kwa bolti katika ubavu wa katikati. Gereji inayochomelea kishikizi cha tangi la mafuta au cha tairi la akiba kwenye ubavu wa chini huleta katika chasisi hiyo kiungo cha daraja la chini, na kwa njia zenye mashimo na makorongo mizunguko huhesabika upesi. Mzigo uliozidi humalizia kazi: tofauti ya mkazo ikipanda kwa asilimia 30, kanuni ya nguvu ya tatu huyapunguza maisha ya mshono hadi chini ya nusu. Anayezunguka mizani usiku, mbali na kuiharibu lami, hutumia miaka ya chasisi yake mwenyewe.

Je, chuma chenye nguvu kubwa basi hakina faida yoyote panapokuwa na uchovu? Kinayo, ikiwa ukingo wa mshono hautaachwa kama ulivyotoka mashineni. Njia ya zamani ni kuusugua kwa grainda yenye kichwa kidogo cha mviringo, hadi kufikia kina cha angalau nusu milimita chini ya vijishimo vinavyoonekana, ili slagi yote iondoke na kona iwe mkunjo laini. Mikwaruzo ya mwisho ya grainda sharti ifuate mwelekeo wa mzigo, kwa sababu mkwaruzo unaoukingama mzigo ni mwanzo mwingine wa ufa. Njia ya pili ni kuuyeyusha upya ukingo kwa cheche ya elektrodi ya tangsteni ndani ya gesi ya argoni, bila kuongeza waya, ili chuma kijitandaze na kugandia bila slagi. Zote mbili hurekebisha umbo.

Njia ya tatu huenda mbali zaidi, kwa kuwa hubadilisha mkazo wenyewe. Ukingo hugongwa na pini za chuma kigumu zenye ncha ya mviringo, katika mashine za kisasa zaidi ya mara 90 kwa sekunde, hadi unaachwa mfereji mwembamba unaong'aa wenye kina cha sehemu chache za kumi za milimita. Chuma kilichogongwa hutaka kutanuka, kile cha chini yake hukizuia, na mahali palipokuwa pamevutwa panakuwa pamebanwa. Ufa, ambao hukua kwa kufunguliwa, hukuta mdomo wake umefungwa. Teknolojia hiyo ilikuzwa katika Umoja wa Kisovieti kwa ajili ya ujenzi wa meli, ikitumia mitetemo ya sauti ya juu, kabla ya kuenea kwingine. Katika njia hii nguvu ya bamba inapata hatimaye nafasi ya kuonekana, kwa sababu mbano unaoweza kuhifadhiwa katika chuma hauwezi kuzidi kikomo chake cha kunyumbuka: chuma imara zaidi huhifadhi mbano mkubwa zaidi. Mapendekezo ya Taasisi ya Kimataifa ya Uchomeleaji huruhusu kiungo kilichogongwa hivyo kupandishwa ngazi nne kwa chuma cha hadi megapaskali 355, na ngazi nane kwa chuma kinachozidi megapaskali 950, kila ngazi ikiwa ni ongezeko la takriban asilimia 12 ya tofauti ya mkazo. Faida hiyo ina mipaka. Mzigo mmoja mkubwa kupita kiasi huweza kuufuta mbano uliowekwa kwa taabu, na muundo ambao wakati wote uko katika mvuto mkubwa hunufaika kidogo sana.

Chuma chenye nguvu kubwa huleta pia hatari yake, nayo huingia wakati wa kuchomelea. Unyevu katika fimbo za kuchomelea, kutu na grisi hutoa haidrojeni, ambayo hupenya katika chuma kilichoyeyuka na kubaki humo kinapopoa. Ikiwa chuma kando ya mshono kimekuwa kigumu kwa kupoa haraka, haidrojeni hukipasua saa kadhaa au hata siku moja au mbili baadaye, wakati fundi amekwisha kuondoka na pengine mkaguzi pia. Daraja la King Street huko Melbourne, Australia, lililofunguliwa mwaka 1961, lilivunjika mihimili tarehe 10 Julai 1962 chini ya gari la mizigo la tani kama 45, kutokana na nyufa za aina hiyo kwenye kingo za mishono iliyokingama mwisho wa mabamba ya nyongeza. Chuma chake kilikuwa cha nguvu kubwa kwa viwango vya wakati ule, na baridi ya asubuhi ya majira ya kipupwe ililifanya vunjiko liwe la ghafla. Uchovu haukupata hata muda wa kushiriki. Katika daraja la Hernando de Soto juu ya mto Mississippi, huko Memphis, ambako mhimili wa chuma cha nguvu kubwa sana ulikutwa umepasuka mwezi Mei 2021, uchunguzi ulirudi kwenye nyufa za haidrojeni zilizotokea wakati wa kuchomelea, karibu nusu karne kabla. Kukausha fimbo katika tanuri, kulipasha bamba joto kabla ya kuanza na kuchelewesha ukaguzi kwa siku moja au mbili ni kazi zinazochosha na ambazo hazionekani katika bidhaa iliyokamilika, na kwa chuma cha megapaskali 690 hakuna anayeziruka bila kulipa baadaye.

Hata baada ya ukingo kutibiwa inavyostahili, mshono una upande mwingine usiofikiwa na grainda wala pini, nao ni mzizi wake, yaani sehemu ya ndani kabisa ambako mabamba mawili yanakutana. Katika mshono wa pembeni wa kawaida mzizi huacha mwanya ambao haukuyeyuka, na mwanya huo ni ufa uliowekwa kwa makusudi. Maadamu ukingo ni dhaifu, kiungo hupasukia ukingoni, na ufa wake huweza kuonekana juu ya bamba kwa rangi ya kupenya au kwa unga wa sumaku. Ukingo ukiimarishwa, mzizi ndio unaobaki dhaifu kuliko vyote, na ufa wa mzizini hukua ndani ya mshono hadi utokeze juu ukiwa umekwisha kula sehemu kubwa ya unene wake. Kwa hiyo kiungo kinachokusudiwa kugongwa sharti kichomelewe hadi ndani kabisa, bila mwanya, au mshono wake uongezwe unene, na kisha kikaguliwe kwa mawimbi ya sauti yanayopita ndani ya chuma, na mtu aliyefundishwa kutofautisha mwangwi wa ufa na mwangwi wa umbo la mshono.